Kifaa cha kuomba msaada baharini: chagua kipi, na ukiweke vipi

Miaka michache iliyopita, kusi ikiwa imeanza kukaza, mashua ya ami yangu ilizimika injini nje ya Kiwayu. Walikuwa watu 4. Mtandao wa simu walishauacha nyuma zamani, na mkondo ukawa unawachukua kuelekea kaskazini, upande wa Somalia. Huku nyumbani kina mama walikesha na nyiradi, na sisi wanaume tulipiga simu huku na huku. Kila tuliyempigia alituuliza swali moja: wako wapi? Hatukuwa na jawabu. Alhamdulillahi, siku ya tatu walionwa na jahazi lililokuwa likirudi, wakavutwa hadi pwani wakiwa hai, midomo imepasuka kwa kiu.

Lililoniuma nililijua baadaye. Ami alikuwa na kifaa cha kuomba msaada kwa setelaiti. Mwanawe aliye Dubai alimnunulia. Kilikuwa nyumbani ndani ya sanduku, kingali na nailoni yake, betri imepitwa na tarehe, na hakijasajiliwa popote. "Mwanangu, niliogopa kikiingia maji kitaharibika," aliniambia.

Tangu hapo wavuvi na wenye vyombo wamekuwa wakiniuliza wanunue kipi. Nayaweka hapa niliyoyajua, ili anayetaka kununua ajue anatoa pesa zake kwa nini.

Kinavyofanya kazi

Vifaa vya dharura vinavyotambuliwa na serikali duniani hutumia mtambo uitwao Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, na watu wa kwanza kuokolewa kwa msaada wake waliokolewa Septemba 1982. Ukikiwasha kifaa, kinatuma mwito kila baada ya sekunde 50 hivi kwa masafa ya megahazi 406. Setelaiti huunasa, huushusha kwenye kituo cha ardhini, kisha habari hupelekwa kwa kituo cha uokoaji kinachohusika na sehemu ile ya bahari. Kwa upande wetu, kituo hicho kiko Mombasa. Kilifunguliwa 2006, na eneo lake ni bahari ya Kenya na ya majirani zetu.

Huduma hii haina malipo. Ukishanunua kifaa, hulipi kwa mwezi wala kwa mwaka.

Aina 3 utakazokutana nazo

*EPIRB.* Hiki ni cha chombo. Kinaelea chenyewe, na kikitoka kwenye kishikio chake kikagusa maji, kinajiwasha. Kuna cha kutoa kwa mkono, na kuna kinachojifungua chenyewe chombo kikizama mita chache. Hiki cha pili kina kifungulio kinachobadilishwa kila baada ya miaka 2. Betri ya EPIRB hutuma mwito kwa saa 48 au zaidi.

*PLB.* Hiki ni cha mtu, kidogo, kinaingia mfukoni au kinafungwa kwenye jaketi la kuokolea. Hakijiwashi, lazima ukiwashe mwenyewe kwa mkono. Ukiwa majini ni lazima ukishike antena yake ikiangalia juu. Hutuma mwito kwa saa 24 au zaidi. Kwa bei ya ng'ambo, vingi huwa kati ya dola 300 na 450, kabla ya usafirishaji na ushuru.

*Kifaa cha ujumbe.* Mfano wake ni Garmin inReach. Hiki kinakuruhusu kuandikiana na watu wa nyumbani, na kina kitufe cha dharura. Uzuri wake ni mkubwa: unaweza kusema kama ni injini tu imezima au kuna mtu anatokwa na damu. Lakini hakipiti kwa mtambo wa serikali. Mwito wake unakwenda kwa kituo cha kampuni ng'ambo, nao ndio wanaowapigia waokoaji wa huku. Tena lazima ulipie kifurushi. Kifurushi kikikatika, kitufe hakikufai. Kabla ya kununua cha aina hii, tazama ramani ya setelaiti zake. Inayotumia Iridium inafika dunia nzima, lakini si kampuni zote ziko hivyo.

Usichanganye vifaa hivi na vile vidogo vya AIS vya mtu aliyeanguka majini. Hivyo vinaonekana na vyombo vilivyo karibu maili chache tu, na viwe na mtambo wa kuvipokea. Wala usitegemee simu zinazotangazwa kuwa zinafika setelaiti mpaka uhakikishe huduma hiyo imefunguliwa hapa kwetu.

Mambo 5 ya kuangalia dukani

1. *Masafa.* Kiandikwe 406. Vile vya zamani vya 121.5 peke yake havisikilizwi tena na setelaiti tangu tarehe 1 Februari 2009. Vifaa vya 406 huwa pia na 121.5 ndani yake, lakini hiyo ni ya kumsaidia muokoaji kukufuata akishakaribia.

2. *GPS ndani yake.* Bila GPS, setelaiti inaweza kukukadiria kwa duara la kilomita 5 hivi. Kwa GPS, ni mita 100 hivi. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya kusi hakionekani mbali, kwa hivyo hapa usibane pesa.

3. *Msimbo wa nchi.* Kila kifaa kimetiwa namba ya nchi, na ya Kenya ni 634. Hapa ndipo zawadi za jamaa zetu wa Dubai, Maskati au London zinapotia taabu. Kifaa kilichotiwa msimbo wa nchi nyingine bado kitapeleka mwito, lakini maelezo ya mwenyewe yatatafutwa kwenye daftari la nchi ile. Mwambie jamaa amwombe muuzaji akitie msimbo wa Kenya kabla ya kukituma.

4. *Tarehe ya betri.* Iko nyuma ya kifaa. Nyingi hudumu miaka 5 hadi 10. Kifaa cha bei rahisi kilichobakisha mwaka 1 si rahisi, kwa sababu betri yake hubadilishwa na fundi maalumu.

5. *Kuelea na kujibu.* Si kila PLB inaelea, nyingine zinaelea zikiwa ndani ya mfuko wake tu. Vingine vipya vina taa inayokujulisha kuwa mwito wako umepokelewa, huduma iliyoanza kwa setelaiti za Galileo mwaka 2020. Aliye peke yake usiku majini, taa hiyo inamtia moyo wa kungoja.

Kusajili

Hili ndilo watu wengi hawalifanyi. Kifaa kina namba yake ya herufi na tarakimu 15. Unapokisajili, namba hiyo inafungamanishwa na jina lako, chombo chako, rangi yake, na simu za watu wako wa nchi kavu. Mwito ukiingia, kituo kinawapigia hao kwanza. Akipokea mkeo au nduguyo akasema, "Ndiyo, wametoka saa 10 alfajiri, ni watu 4, mashua ni ya buluu," msako unaanza na watu wanaojua wanatafuta nini. Kisiposajiliwa, waokoaji hawakutupi, lakini wanapoteza muda kuuliza kama mwito ni wa kweli.

Anza na ofisi za Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), Mombasa, wakuelekeze. Ukibadilisha simu, au ukauza mashua, rudi ubadilishe maelezo. Na simu utakayoiandika iwe ya mtu anayeipokea usiku, isiwe yako unayotoka nayo baharini.

Kukitumia

Kiwekwe pahali ambapo hata mtoto wa chombo anakifikia akiwa na giza. Kisifungiwe sandukuni. Kila baharia afundishwe kukiwasha, asiwe nahodha peke yake, maana nahodha naye huanguka majini.

Ukikiwasha, inua antena, kiwe chini ya uwazi wa mbingu, mbali na turubali. Usikizime ili kuokoa betri, kiache kitume mwito mpaka uokolewe. Majaribio fanya kwa kitufe cha kujaribia tu, na si kila siku, kwa sababu yanakula betri. Kikiwashwa kwa bahati mbaya, kizime na ukijulishe kituo cha uokoaji mara moja. Hakuna haja ya kuogopa na kukaa kimya.

Rai yangu

Anayevua peke yake kwa ngalawa, achukue PLB yenye GPS, aifunge mwilini. Chombo chenye mabaharia kadhaa kinachokwenda nje ya miamba, EPIRB ndiyo haki yake. Kifaa cha ujumbe ni kizuri kwa mwenye uwezo wa kulipa kila mwezi, lakini mimi ningekiweka cha pili.

Na nani alipe? Katika mgao wa samaki, chombo kina fungu lake, na fungu hilo huchukuliwa na mwenye chombo. Fungu hilo hutengeneza injini na kununua nyavu, basi na linunue uhai wa wanaozivuta. Asiyeweza peke yake, vikundi vya BMU vinaweza kuchanga vikanunua vichache, chombo kinachokwenda mbali kikachukua kimoja na kukirudisha, bora kila mara iandikwe kimechukuliwa na nani.

Wako watakaosema ajali ni kadari. Ni kweli, lakini Mtume wetu (S.A.W.) alimfunza yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Ami yangu sasa ametia betri mpya na kukisajili kifaa chake. Kinaning'inia karibu na usukani, bila nailoni.