RAMADHANI YA MILANGO ILIYOFUNGWA: Kutoka Amwas hadi Kahawa Sukari



Watoto wengi wanaojifunza kufunga mwaka huu hawaikumbuki Ramadhani ya 2020. Wengine walikuwa wachanga, wengine hawakuwa wamezaliwa. Basi ni juu yetu tuliokuwepo kuwasimulia. Tumezoea kudhani historia ya Waislamu ni Badr na Andalusia peke yake, kumbe nyingine imepita hapa hapa Thika Road tukiiona kwa macho yetu.

Mambo yalivyokuwa

Machi 13, 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa zifungwe. Misikiti nayo ikasimamisha swala za jamaa mwezi huo huo. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi na viunga vyake vikawekewa mpaka: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Upande wetu mpaka ulikuwa daraja la Mto Chania pale Thika. Mtu wa Kahawa Sukari aliweza kwenda mjini na kurudi, lakini mwenye mama mgonjwa ng'ambo ya daraja, au Garissa, au Mombasa, ilibidi amjulie hali kwa simu tu.

Ramadhani ikaingia Aprili 25. Hebu piga hesabu. Magharibi kwetu ni kama saa kumi na mbili na nusu, na kafyu ni saa moja. Nusu saa tu! Matatu ya watu 14 iliruhusiwa kubeba 8, nauli ikapanda, na wengi hawakuwa hata na kazi ya kuwapa hiyo nauli. Futari ya pamoja hakuna, tarawehe ya msikitini hakuna. Mei 6, katikati ya mwezi mtukufu, Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa, mitaa yenye Waislamu wengi, ikafungiwa peke yake. Idd ya Mei 24 ikaswaliwa majumbani.

Hata Makka tarawehe iliswaliwa bila umma, ikafupishwa kuwa rakaa kumi, na Hijja ya mwaka ule ikawa ya watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia.

Wapo waliosema kufunga misikiti ni udhaifu wa imani, kwamba tunamkimbia Mungu. Swali hilo si geni. Liliwahi kuulizwa na mtu mkubwa kuliko sisi.

Amwas, mwaka wa 18 Hijria

Sayyidna Umar (R.A.) alitoka Madina kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake walimpokea na habari kwamba tauni imezuka huko mbele. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana: rudisha watu. Akaamua kurudi.

Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Akampa mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja ni kame: kokote atakakolisha, atakuwa amelisha kwa qadari ya Mola wake. Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf (R.A.), aliyekuwa na ilimu kuhusu jambo hilo. Alimsikia Mtume (S.A.W.) akifundisha kuwa ukisikia tauni iko mahali usiende, na ikitokea mahali ulipo usitoke kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi.

Lakini kisa hakiishii hapo. Abu Ubayda alibaki na watu wake, na tauni ikamchukua. Akashika nafasi yake Mu'adh bin Jabal (R.A.), naye ikamchukua. Kisha akaja Amr bin al-As (R.A.), akawaamuru watu watawanyike milimani, wasikae pamoja. Tauni ikaondoka. Ona basi: walioondoka walikuwa Masahaba, na waliokufa pia walikuwa Masahaba. Kufa kwa maradhi si alama ya kuchukiwa na Mola, na kujikinga si alama ya kumkimbia.

Mwanachuoni aliyezika mabinti zake

Tuje Cairo. Ibn Hajar al-Asqalani, yule aliyeisherehesha Sahih Bukhari, alifiwa na mabinti watatu kwa tauni: wawili mwaka 819 Hijria, na mkubwa wao mwaka 833 akiwa mjamzito. Hakukata tamaa wala hakujifanya haumii. Aliandika kitabu kizima kuhusu tauni, Badhl al-Ma'un. Humo ametaja jambo la kuzingatia: mwaka ule wa 833 watu wa Cairo walifunga siku tatu, kisha wakatoka kwa wingi jangwani kuomba dua kwa pamoja. Kabla ya kutoka, vifo vilikuwa chini ya 40 kwa siku. Kabla mwezi haujaisha vilizidi 1,000.

Dua haikuwa kosa. Mkusanyiko ndio uliokuwa na hatari. Kumbe aliyeomba dua chumbani kwake Kahawa Sukari mwaka 2020 hakuwa mbali na njia ya wanavyuoni.

Walichopata waliofungiwa

Sasa shukrani inaingia wapi? Jamani, tusidanganyane. Mtu aliyepoteza kibarua, mwenye kodi ya miezi mitatu, huwezi kumwambia acheke. Nabii Yaqub (A.S.) alilia mpaka macho yakawa meupe, na Qur'ani bado inamtaja kwa subira njema. Kushukuru si kukana maumivu. Ni kukataa maumivu yawe ndiyo habari pekee ya maisha yako.

Na habari nyingine zilikuwepo. Sebule ikawa msikiti. Baba ambaye kila siku alikuwa akifika nyumbani watoto wamelala, sasa akawa imamu wao, na sura zake fupi fupi zile zile. Vijana wakagundua mama yao anajua nyiradi ambazo hawakuwahi kumsikia akizisoma. Jirani akamwachia jirani unga na tende mlangoni. Na karibu yetu, katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, wauguzi walikuwa wakihudumia wagonjwa wa korona huku sisi tukilalamika kuboeka.

Misikiti ilifunguliwa kidogo kidogo kuanzia Julai 2020: watu wasiozidi 100, saa moja tu, wazee na watoto wabaki nyumbani. Tukadhani yamekwisha. Machi 26, 2021 kaunti tano, Kiambu ikiwemo, zikafungwa tena na ibada za pamoja zikasimamishwa. Ramadhani ya pili ikaingia milango ikiwa imefungwa hadi Mei mosi. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Tuondoke na nini?

Kwanza, usiku huu ukisimama safuni bega kwa bega na ndugu yako, jua kwamba hiyo ni neema iliyowahi kuondolewa. Usiichezee kwa kuchelewa makusudi.

Pili, mambo yakikuzidi, punguza. Rakaa mbili kwa utulivu, ukurasa mmoja wa Qur'ani, simu moja kwa mzazi. Waliofungiwa hawakuvuka kwa mambo makubwa.

Tatu, kuna watu ambao karantini yao haijaisha: mgonjwa wa muda mrefu, mjane wa ghorofa ya nne, mwanafunzi anayefuturu peke yake chumba cha kupanga. Mwaka 2020 sote tulionja upweke wao kidogo. Mpelekeeni futari, na mkae naye mpaka amalize kula.

Allah awarehemu waliotutangulia katika maradhi yale, na atutakabalie saumu zetu. Amin.