Mzigo wa Kuteremka: Tarehe ya Zirai

Mtu wa Zirai akikwambia anakwenda wilayani, haendi Lushoto. Anateremka Muheza. Jambo hili huwachanganya hata Watanzania waliosoma, maana ukitaja Usambara mawazo hukimbilia Soni na Mlalo, kwenye kabichi na mapea na barabara ile inayopanda kutoka Mombo. Lakini milima ya Usambara iko sehemu mbili. Ya Lushoto ni ya magharibi, mipana na yenye watu wengi. Ya mashariki ni midogo, iko karibu na bahari, mvua yake haina msimu wa kuaminika kwa sababu hunyesha karibu mwaka mzima, na katikati ya safu hizo limelala bonde la mto Lwengera. Zirai iko huku mashariki, kata ya Wilaya ya Muheza, kaskazini mwa Amani. Nilo, kilele kirefu kuliko vyote vya upande huu, hakizidi sana mita 1,500.

Tarehe za miji huanza na mtawala: nani alikuja, nani akamfuata, nani alizikwa wapi. Kwa Zirai mpango huo unakwama mapema, kwa kuwa wakubwa wote walikaa kwingine: Vugha, Tanga, Dar es Salaam, Muheza. Mlimani walijulikana kwa mzigo waliotaka uteremshwe.

Wakilindi wa Vugha, ukoo uliowatawala Wasambaa, ndio waliokuwa na mzigo mgumu kuliko wote, maana ulishuka mpaka Lwengera kisha ukapanda tena upande wa pili. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hadi kufa kwake mwaka 1862, aliwatawanya wanawe katika nchi nzima wakae kama mazumbe, yaani machifu, na mkono wake ulifika hadi nchi ya Bonde na pwani, akigawana usemi na Sultani wa Unguja. Wasambaa wana kipimo chao cha utawala. Mfalme huweza kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, au kubana shi, kuiharibu, na mvua ndiyo hutoa ushahidi. Wakubwa wawili wakivutana huitwa nguvu kwa nguvu, na hapo watu huanza kuangalia ghala zao. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Kimweri. Mwanawe Semboja akajiimarisha Mazinde, tambarare, kwenye njia ya misafara na bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei wakainuka dhidi ya Wakilindi waliokuwa wakiwatawala, katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Kiva. Tangu hapo upande wa mashariki haukurudi tena Vugha kwa moyo. Atakaye kuyasoma haya kwa kalamu ya mtu aliyekaa karibu na mabaraza hayo amtafute Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kilipigwa chapa na wamisionari wa Magila, chini kidogo ya milima yetu.

Mjerumani aliichora mipaka ambayo tunaifuata mpaka leo, ingawa wengi hatumtaji. Milima ya magharibi ilipewa makao yake Wilhelmstal, mji ambao sasa ni Lushoto, uliopewa jina la Kaisari. Milima ya mashariki ikaandikwa Tanga. Mlima mmoja kwa jina, ofisi mbili. Wakati huo huo ikaja kodi ya kibanda, rupia 3, na asiyekuwa na rupia akazitafute shambani kwa mzungu. Huko magharibi mwaka 1907 walikwenda mbali zaidi: kila mwanamume alipewa kipande cha kazi, na katika kila miezi minne alipaswa kumfanyia kazi mlowezi siku 30.

Na mashamba yalikuwepo. Kuanzia mwaka 1891 kampuni ya Kijerumani ilikuwa imekata msitu Derema ikapanda buni, na mengine yakafuata. Walipouona msitu ule, miti mirefu na mvua isiyokatika, walidhani udongo wake umejaa mbolea. Kumbe rutuba ilikuwa juu, kwenye majani yanayooza, na chini yake udongo ni mwekundu, mchachu, uliosuuzwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Buni ikadhoofika. Hasara hiyo ya mapema ingepaswa kusomwa na kila aliyekuja baadaye na shoka mkononi, lakini shoka halisomi.

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Muheza mwaka 1896, na hapo ndipo mji wa Muheza ulipopata sababu ya kuwa mji. Mwaka 1902 ikafunguliwa taasisi ya utafiti wa kilimo Amani, wakajaribu mimea ya kila bara, pamoja na mti wa kwinini uliowafaa sana vita vilipokuja. Kijireli chembamba kikatoka Tengeni kwenda Sigi, kikipinda pinda kufuata mto, kuchukua magogo. Reli ile iling'olewa zamani, ila nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama Sigi, na mgeni anayepanda Amani hupita mbele yake. Mzigo mdogo kuliko yote uliopata kuteremshwa huku ni mbegu za ua la zambarau ambazo ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya nusu ya Ulaya. Kwao hasa ni kwenye miamba yenye unyevu ya milima hii na jirani zake, na sijaona mtu wa huku aliyeliweka dirishani.

Waingereza niwapitie haraka. Waliwarudishia Wakilindi viti katika miaka ya 1920, baada ya vita vya pili wakawalazimisha Wasambaa wa magharibi kulima matuta, na chuki ya matuta ikaipa TANU wanachama. Huku mashariki mabadiliko yalikuwa ya chai: mashamba ya Derema, Kwamkoro na Bulwa, na wachumaji waliotoka mbali, Wabena na Wahehe wakiwamo, ambao wajukuu wao leo wanazungumza Kisambaa kama wenyeji. Uhuru ukaondoa machifu. Vijiji vikaandikishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na halmashauri za wilaya, zilizokuwa zimefutwa mwaka 1972, zikarudi miaka kumi na kitu baadaye.

Mzigo wa Zirai yenyewe ni iliki.

Iliki haipandwi jua kali. Inataka kivuli cha miti mikubwa, kwa hiyo mkulima alifyeka vichaka vya chini msituni akaacha miti ya juu, na kwa mbali ungesema msitu uko salama. Mmea wake hupita kichwa cha mtu, lakini matunda hayako juu. Yako chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo, kwa hiyo uchumaji ni kazi ya kuinama kuanzia asubuhi, ukichagua zilizokomaa na kuziacha changa. Hufika nyumbani mbichi na nzito. Kilo tano zikikauka hubaki kama kilo moja. Siku za mvua, na siku za mvua ni nyingi, hukaushwa darini juu ya moto wa jikoni, zikatoka na rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Mnunuzi huzikamata kiganjani, akazinusa, akasema "hizi za moshi," na bei ikashuka kabla hajaitaja. Za jua, za kijani, ndizo zenye heshima. Mizani ni ya saa, imening'inizwa kwenye boriti ya kibanda, na macho yote yako kwenye ule mshale. Nilipokaa pale kwa nusu siku niliona mama mmoja akimwambia kijana wa mizani, "Mwanangu, kwanza uache gunia litulie." Likatulia. Mshale ulirudi nyuma kidogo, dhidi yake, naye akacheka na wengine.

Baada ya miaka kama minane au kumi udongo huchoka, somo lile lile la buni, na mkulima huweka migomba, mdalasini au karafuu, au husogea msituni. Kusogea ndiko kulikoleta ugomvi. Msitu nao ulikuwa umeshateremshwa kwa njia nyingine: hadi katikati ya miaka ya 1980 magogo yalikatwa kwa mashine kwa ajili ya kiwanda cha mbao cha Tanga kilichosaidiwa na Finland, na Finland hiyo hiyo baadaye ikaja kufadhili hifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya Nilo mwaka 2007. Katikati, kwenye ukanda wa Derema wenye hekta zipatazo 960, wakulima zaidi ya elfu moja waliacha iliki yao wakalipwa fidia. Wapo waliojenga nyumba za bati kwa fidia hiyo. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba walilipwa mashina, hawakulipwa miaka.

Kwa hiyo mkulima wa Zirai leo ana wakubwa wawili. Upande mmoja kuna kitongoji, kijiji, kata yenye diwani na mtendaji wake, halmashauri Muheza, mkoa Tanga. Mipaka ya upande huu haitulii: Muheza ilimegwa ikazaliwa Mkinga, na kule magharibi Lushoto ikazaa Bumbuli. Upande wa pili kuna watu wa misitu, wenye vigingi vyao na geti lao. Ushuru wa mazao, ambao kwa miaka mingi uliwakera watu kwenye vizuizi, ulipunguzwa mwaka 2017, na mzigo usiofika tani moja ukaachwa upite bure. Gunia la iliki haliko karibu na tani.

Siku hizi mzigo unaosemwa sana ofisini ni maji. Mto Zigi huanzia kwenye misitu ya Amani na Nilo, hujaza bwawa la Mabayani, na Jiji la Tanga hunywa humo. Wakulima wa juu wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, wakidai kwamba anayetunza chanzo naye apewe chake.

Niliteremka na bodaboda, magunia mawili ya iliki yamefungwa kwa mpira nyuma yangu. Penye mteremko mrefu dereva alizima injini kuokoa mafuta, na ghafla tukausikia mto chini ya barabara, upande wa kushoto, ukienda kasi kuliko sisi. Getini aliulizwa amebeba nini. "Iliki na mgeni," akajibu, wakaandika iliki.