Kwa nini mbolea ileile haileti ngano ileile kila mwaka

Unga wa chapati unaonunua dukani, uwe Tanzania au kwa majirani zetu Kenya, kwa sehemu kubwa umetokana na ngano iliyoagizwa kutoka nje. Ile ya Urusi, kwa mfano, nyingi hupandwa Septemba au Oktoba, ikapitisha miezi ya baridi kali, wakati mwingine chini ya theluji, kisha ikavunwa Julai mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo ngano ya majira ya baridi.

Tunaieleza leo kwa sababu ya swali linalorudi kila tunapozungumzia mbolea hewani: "Mwaka jana niliweka mifuko mitatu nikavuna vizuri, mwaka huu nimeweka mitatu sikupata kitu. Je, nimeuziwa mbolea feki?" Inawezekana umeuziwa. Lakini hata mbolea safi kabisa inaweza kukuangusha, na kuna shamba moja ambalo limekuwa likionyesha jambo hilo kwa zaidi ya miaka 180.

Shamba hilo linaitwa Broadbalk, lipo Rothamsted, kaskazini mwa London. Mwaka 1843 John Bennet Lawes na mkemia Joseph Henry Gilbert walianza kupanda ngano hapo, na haijakoma kupandwa hadi leo. Waligawa shamba vipande: kimoja samadi tupu, vingine naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango mbalimbali, na kimoja hakipewi kitu. Lawes mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa mbolea, kwa hiyo tunampa heshima kwa kuacha kipande hicho bila chochote.

Kipande kisichopewa kitu hutoa karibu tani 1 kwa hekta, yaani kama gunia 4 za kilo 100 kwa ekari. Vipande vinavyopata mbolea ya kutosha, vikiwa na mbegu za kisasa na kubadilishana mazao, hufika tani 9 na kupita katika miaka mizuri. Kipande cha samadi nacho hufanya vizuri, na udongo wake una mboji zaidi ya mara mbili ya ule usio na mbolea. Ila wanaweka tani 35 kwa hekta kila mwaka. Ni tani 14 kwa ekari, na sisi hatumjui mfugaji mwenye zizi la kutosha kwa hilo.

Mwanzoni mbolea ya naitrojeni ya chumvichumvi iliwekwa Oktoba, wakati wa kupanda. Chini ya shamba kulikuwa na mabomba ya kutoa maji, na maji hayo yalipopimwa yalikutwa yamebeba naitrojeni. Mche wa ngano ulikuwa bado mdogo, mizizi mifupi, na mvua ya miezi ya baridi ilikuwa inaondoka na mbolea kabla haijaliwa. Baadaye wakahamishia sehemu kubwa kwenye Machi na Aprili, ngano inapoanza kukua kwa kasi. Mkulima wa mahindi atalitambua hilo mara moja.

Kuna na ubora. Naitrojeni inapokuwa kidogo, kila kilo unayoongeza huenda kwenye wingi wa punje. Wingi ukishatosheka, inayoongezwa huingia kwenye protini, ile inayoufanya unga uvutike na mkate uumuke. Wasagaji wa Uingereza hutaka ngano ya mkate iwe na protini karibu asilimia 13. Ikipungua, mara nyingi huishia kuwa chakula cha mifugo kwa bei ya chini. Mvua nzuri ikijaza punje wanga mwingi, protini hupungua asilimia hata kama magunia yameongezeka. Na ukizidisha naitrojeni, bua hurefuka, hulegea na kulala chini upepo ukivuma.

Baridi yenyewe ina kazi. Ngano hii inahitaji wiki kadhaa za baridi, kati ya nyuzi 0 na 10, ndipo ikubali kutoa masuke. Ukiipanda kwenye joto itabaki majani tu, kwa hiyo usijaribu kupanda punje za ngano iliyoagizwa kwa ajili ya kusagwa.

Baada ya masuke, hali ya hewa ndiyo yenye neno la mwisho. Joto la kupita nyuzi 30 wakati wa kuchanua hupunguza idadi ya punje, na joto la baadaye hufupisha muda wa kujaa, zikatoka nyembamba. Mawingu na mvua nazo zina madhara yake. Mwaka 2016 Ufaransa, yenye mbolea, mitambo na wataalamu wa kila aina, ilivuna karibu tani 5.4 kwa hekta badala ya zaidi ya 7 iliyozoea. Majira ya baridi yalikuwa na joto lisilo la kawaida, kisha mvua ikanyesha mfululizo Mei na Juni. Mvua ikiikuta ngano iliyokauka shambani, punje huanza kuota kwenye suke na wanga huanza kuvunjika. Unga wake hutoa mkate unaonata katikati.

Ngano yetu ya Hanang, Makete au Narok haihitaji baridi ya namna hiyo. Hupandwa na mvua. Lakini mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni kokote ulipo, na mvua kubwa huibeba vilevile. Weka kiasi wakati wa kupanda, na inayobaki ngano inapotoa machipukizi ya pembeni, wiki ya tatu hadi ya tano baada ya kuota, udongo ukiwa na unyevu lakini si siku mawingu mazito yameshafunga. Mvua ikikatika kabisa, subiri. Urea iliyoachwa juu ya udongo mkavu wenye jua kali nayo hupotea hewani.