Kinu, Maji na Kichocheo: Historia ya Nitrili za Muhogo hadi Makazi ya Nakivale

Historia ya nitrili kwa kawaida husimuliwa kutoka maabara za Ulaya. Mwaka 1837 Justus von Liebig na Friedrich Wöhler walionyesha kwamba emulsini, kimeng'enya cha lozi chungu, huvunja amigdalini na kutoa sianidi. Mwaka 1908 Ludwig Rosenthaler aligeuza mwelekeo: kwa emulsini hiyohiyo aliunganisha benzaldehidi na haidrojeni sianidi, akapata mandelonitrili. Katika miaka ya 1990 wanakemia wa Ujerumani walitumia kimeng'enya cha muhogo kuunda sianohidrini, ambazo ni malighafi za dawa. Makala hii inadai kwamba historia hiyo ina tawi la pili, la kuvunja nitrili badala ya kuziunda, na kwamba tawi hilo limehifadhiwa jikoni.

Ndani ya muhogo, linamarini hukaa katika seli, na kimeng'enya chake, linamarasi, katika kuta za seli. Seli zikipondeka, viwili hivyo hukutana. Linamarini huvunjika kuwa glukosi na asetoni sianohidrini, nitrili ileile inayotumika viwandani kutengenezea plastiki angavu. Sianohidrini nayo hutoa haidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 26 na kupotea hewani. Ndiyo maana kinu hutangulia chungu: sombe hutwangwa kabla ya kupikwa, na muhogo mchungu hulowekwa kwa siku kadhaa kisha huanikwa. Ukichemshwa mzima kwa haraka, joto huharibu kichocheo na sumu husalia.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro karibu na Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye yaliwapokea Wakongomani, Warundi na Wasomali. Katika nchi ya Ankole, ambako matoke ndiyo chakula kikuu, Wakongomani walifika na ugali wa muhogo na sombe, pamoja na ujuzi wa kuviandaa. Ujuzi huo unahitaji maji, muda na mahali pa kuanika. Mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Njaa ikizidi, siku za kuloweka ndizo rahisi kukatwa.

Gharama ya kukata hatua hizo inajulikana. Mwaka 1938 Giovanni Trolli alieleza konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, katika eneo la Kwango nchini Kongo. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa kula ugali wa unga wa muhogo wenye sianidi nyingi.

Suluhisho linaweza kufuata kemia ileile. Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba unga ukichanganywa na maji na kutandazwa kwa tabaka jembamba, saa mbili juani au tano kivulini, linamarasi iliyosalia humaliza kazi yake. Kwa watunga sera, hitimisho ni mawili: maji ya kuandalia muhogo yahesabiwe kuwa sehemu ya usalama wa chakula makazini, na unga unaouzwa humo upimwe kwa kiwango cha kimataifa cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Ujuzi wa kinu tayari upo. Unachokosa ni masharti ya kuutekeleza.