Tarajali
Tarajali ni msomi anayewekwa kazini kwa muda ili apate uzoefu chini ya usimamizi. Nchini Tanzania neno hili limezoeleka zaidi kwa madaktari, ilhali mwanagenzi hujifunza ufundi tangu mwanzo. Katika benki za uwekezaji, yaani zile zinazosaidia kampuni kuuza hisa au kuungana, tarajali wa New York na London hutumikia takriban wiki 10 za kiangazi, akipanga majedwali ya hesabu hadi usiku wa manane, kwa kuwa kipindi hicho ndicho usaili wenyewe wa ajira. Hata hivyo, mwaka 2015 mojawapo ya benki hizo, Goldman Sachs, iliwaagiza tarajali wake waondoke ofisini kabla ya saa 6 usiku, wasirejee kabla ya saa 1 asubuhi.