Nafasi za Kidato cha Kwanza katika Karatu na Ngorongoro

Msafiri atokaye Mto wa Mbu akiupanda ukingo wa Bonde la Ufa huingia Karatu, nchi ya ngano, mahindi na maharagwe, na upande wa Mang'ola, nchi ya vitunguu. Akizidi kwenda magharibi hufika kwenye msitu wa Ngorongoro, na nyuma ya msitu huo nyanda za wafugaji. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wamasai na Wadatoga lugha za Kiniloti. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana lugha yao yenye vidoko, ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu wa hakika. Na pamoja nao wamo Wabantu waliofika kwa kazi na biashara. Ni sehemu chache mno za Afrika zilizo na mchanganyiko wa namna hii. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi watoto wa watu hao walivyoingia, au walivyokosa kuingia, katika shule za sekondari za Serikali.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba uchaguzi wa wanafunzi haukuanza na Uhuru. Shule ya Tabora, ambayo Waingereza waliianzisha katika miaka ya 1920, ilikusudiwa hasa wana wa machifu, ili watawala wa kesho wafunzwe utii wa leo. Mwalimu Julius Nyerere aliyeingia huko mwaka 1937 alikuwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mtoto wa mchunga ng'ombe wa Endulen hakuwa na njia ya kufika huko. Umasaini wazee waliposhurutishwa kutoa watoto kwa ajili ya shule, aghalabu walimtoa yule ambaye zizi halikumhitaji, na yule mwerevu wa kuwajua ng'ombe wakambakiza nyumbani. Watu wengi wamelicheka jambo hilo. Sisi hatulicheki, kwa maana mfugaji alikuwa akichagua kwa vipaji kama Serikali ichaguavyo, ila kipimo chake kilikuwa kingine.

Kwa Wairaqw mambo yalikuwa tofauti. Walipoteremka kutoka milima ya Irqwar Da'aw na kuenea kaskazini hadi Karatu, walikuta ardhi yenye rutuba, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 wapo waliolima ngano kwa trekta. Mwenye magunia ya ngano aliweza kumnunulia mwanawe viatu na daftari, na misheni ilikuwa karibu. Hivyo basi, Uhuru ulipofika mwaka 1961, majirani hawa wawili hawakuwa wamesimama mstari mmoja.

Serikali huru ilitambua tatizo hilo mapema. Mwaka 1967 Mwalimu alitoa Elimu ya Kujitegemea, akisisitiza kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe daraja tu la kuwavusha wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa umma. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaamuru kila mtoto aingie darasa la kwanza ifikapo mwaka 1977. Lakini milango ya sekondari haikupanuka kwa kadiri hiyo. Wakati darasa la saba lilipofurika, nafasi za Kidato cha Kwanza zilibaki chache mno, na ndipo ulipotumika mgawo: kila mkoa na kila wilaya ikapewa fungu lake, na wasichana wakatengewa lao.

Mgawo huo ulilalamikiwa sana na mikoa yenye shule nyingi za zamani, mathalani Kilimanjaro, ambako mtoto mwenye alama nzuri aliachwa, na wa wilaya ya mbali mwenye alama pungufu akachaguliwa. Kwa maoni yetu mgawo ulikuwa wa haki. Alama ya mtoto aliyesoma chini ya mti, kwa lugha asiyoisikia nyumbani, haina uzito sawa na alama ile ile ya mtoto wa mjini. Ila kasoro yake kubwa ilikuwa ndani ya wilaya zenyewe, na hiyo tuliiona kwa macho yetu.

Tulipokuwa karani kijana, kazi yetu mojawapo ilikuwa kunakili majina ya waliochaguliwa. Fomu zilikuwa na nafasi ya jina, jinsia, shule na alama. Kabila halikuandikwa, na ni vyema, kwani taifa letu lilikwisha kuamua kutohesabu watu kwa makabila. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza swali hilo. Lakini majina husema. Baada ya kunakili orodha kadhaa tulijifunza kuyasoma: huyu Tluway, Mwiraqw, huyu ole fulani, Mmasai, huyu jina lake laanzia na Gida, Mdatoga. Tukaona kwamba fungu la wilaya ya wafugaji lilijazwa kwa sehemu kubwa na watoto wa walimu, wa matabibu, wa wenye maduka na wa watumishi wa hifadhi. Hawakuiba nafasi za mtu. Walizipata kwa kalamu zao. Hata hivyo mgawo uliowekwa kwa ajili ya mtoto wa boma ulimpita mlangoni, na karatasi zetu hazikuonyesha lolote.

Wapo waliochaguliwa wakakosa kwa sababu nyingine. Mvulana mmoja wa bomani alifaulu, lakini barua yake ililala katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Barabara ilikuwa ya vumbi, na masika ilikuwa tope. Barua ilipomfikia alikuwa amehama na ng'ombe wa baba yake. Alipopatikana, muhula ulikuwa umefika katikati na nafasi imekwisha kupewa mwingine. Tulimwona miaka mingi baadaye mnadani Karatu akihesabu ndama. Alitusalimu kwa heshima, na hakuliuliza jambo lile, nasi hatukulitaja.

Twapenda walimu walitazame kwa makini suala la lugha. Mtoto wa Nainokanoka au wa Olbalbal hukutana na Kiswahili darasa la kwanza, na mtihani wa darasa la saba humpima kwa Kiswahili hicho hicho. Akifaulu, Kidato cha Kwanza humpokea kwa Kiingereza. Katika miaka minane amebadilishiwa lugha mara mbili, na kila mara hupimwa kabla hajaizoea. Wahadzabe, ambao kaya zao hufuata asali, mizizi na wanyama, wameongezewa na bweni: mtoto hutengwa na wazazi ili asome, na wengi wamelitoroka bweni wakarudi porini. Tusishangae basi tukiwaona wachache mno wa kabila hilo katika sekondari.

Leo Serikali inazo shule saba za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Ilboru iko karibu na mji wa Arusha, safari ya saa chache kutoka Karatu tangu lami ilipofika. Huko huingia wenye alama za juu kabisa, nasi hatuupingi utaratibu huo, maana taifa lahitaji waganga na wahandisi hodari. Lakini alama za juu siku hizi zaonekana sana katika shule za msingi za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza, nazo mtoto wa Kakesio hazijui.

Kwa wengine, mambo yamepanuka kuliko tulivyoota ujanani. Mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata, na ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne iliondolewa mwaka 2016. Mwaka 2022 zilianza kuhama familia za Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, na watoto wao wakaandikwa katika madaftari ya mahudhurio ya mkoa mwingine. Kwa orodha za wilaya, hao sasa ni wanafunzi wa Tanga. Mwalimu wa huko anayeita majina asubuhi atayasikia majina yale yale tuliyoyanakili zamani.