Kutoka "Sixty-Four" hadi Sisibo: Herufi kama Ushahidi wa Asili ya Maneno

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja linalowahusu watunga kamusi na walimu wa lugha: je, mkusanyiko wa herufi unaweza kutupa ushahidi wa kutosha juu ya neno la Kiingereza lililojificha ndani ya neno la kwetu? Mfano wa kuanzia tunao papa hapa Eldoret. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba lililojulikana kwa namba 64, kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu, na mahali hapo pakaitwa kwa namba hiyo. Wenyeji walilitamka jina hilo Sisibo. Mwaka 1912, serikali ya kikoloni ilipoamua kuweka makao ya utawala hapa, jina la Eldoret likachukua nafasi yake.

Tumchukue mtafiti asiyeijua historia hii. Mkononi anazo herufi sita: s, i, s, i, b, o. Akizisaka katika orodha ya maneno ya Kiingereza, atayakuta "possibility" na "impossibility", ambayo yanazo zote sita. "Sixty-four" halitatokea kamwe, kwa kuwa lina s moja na i moja, na b halina. Jibu lake litakuwa sahihi kwa hesabu na potofu kwa historia. Sababu imo katika matamshi. Herufi x ya Kiingereza husikika kama ks. Katika Sisibo k imedondoka pamoja na t iliyoifuata, s ikabaki. Lugha za Kikalenjin hazina sauti f, na nafasi yake imeshikwa na sauti jirani ya midomo. Ama r ya mwisho, Waingereza wengi wenyewe hawaitamki. Kilichopokewa, basi, ni sauti iliyosikiwa, wala si maandishi yaliyosomwa.

Wazo la kulitafuta neno kwa seti ya herufi si geni katika taaluma ya lugha. Katika karne ya 8, mjini Basra, al-Khalil bin Ahmad alikipanga Kitab al-Ayn kwa kuanzia herufi zitamkwazo kooni, akaiweka pamoja mizizi yote ipatikanayo kwa kuzipangua konsonanti zile zile. Kiarabu kinaustahimili utaratibu huo, kwani maana zake zimeshikamana na konsonanti. Hata msomaji wa Kiswahili aziona k, t na b katika kitabu, katibu na maktaba. Kiingereza hakina mizizi ya namna hiyo. Hata hivyo, maneno yake yaingiapo katika Kiswahili, aghalabu konsonanti ndizo zinazosalia, na irabu huja kuzitenganisha au kuzifunga: "blue" likawa buluu, "brush" likawa burashi, na "man-of-war" likawa manowari. Hapana budi basi mtafutaji aziweke irabu kando kwanza, kisha aufuate mfuatano wa konsonanti.

Kamusi zetu hazikupangwa kwa ajili ya kazi hii. Tangu ile ya Krapf iliyotolewa mwaka 1882, ya Madan ya 1903 na ya Johnson ya 1939, hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981, mpangilio umefuata alfabeti kuanzia herufi ya kwanza. Lakini herufi ya kwanza ndiyo inayoathiriwa upesi na sarufi ya Kibantu. "Club" lilipata irabu likawa kilabu. Masikio yetu yakaisikia ki- ya ngeli, na wingi ukawa vilabu. Amri ya kumtaka dereva apite kushoto ikazaa kipilefti na vipilefti. "Mudguard" likawa madigadi, na kwa kuwa ma- ilichukuliwa kuwa kiambishi cha wingi, umoja wake ukawa digadi. Mtafutaji anayeanzia herufi m katika neno hili amekwisha kupotea. Aidha, tahajia iliyosanifiwa chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, haina q wala x, na c haisimami bila h. Ndiyo maana c mbili za "bicycle" zimegawanyika katika baiskeli: moja ni s, ya pili ni k.

Hata konsonanti zikilingana, hukumu bado haijapatikana. Tazama neno shule. Herufi s, h na l zimo zote katika "school", tena kwa mfuatano ule ule. Hata hivyo shule limetokana na "Schule" la Kijerumani, na liliingia wakati Wajerumani wakiitawala Tanganyika. Neno la Kiingereza ndilo lililozaa skuli, litumikalo Zanzibar. Kenya haikutawaliwa na Wajerumani, lakini leo tunasema shule. Vivyo hivyo, anayelihusisha gari na "car" kwa ukaribu wa g na k analinyang'anya neno hilo asili yake ya Kihindi. Hili si kosa dogo. Kila neno la mkopo ni kumbukumbu ya watu waliokutana. Tukilipachika asili isiyo yake, tunawafuta watu hao katika historia.

Jambo hili lina uzito zaidi leo, ambapo tarakilishi humpa mwanafunzi, kwa dakika moja, maneno yote ya Kiingereza yenye herufi azitakazo. Wepesi huo ni neema, ila orodha si ithibati. Ithibati yahitaji mambo matatu kwa pamoja: mfuatano wa konsonanti, kanuni za matamshi za lugha iliyopokea, na ushahidi wa mahali na mwaka ambapo wasemaji walikutana. Kwa Sisibo, bila la tatu mawili ya kwanza yasingetufikisha kwenye shamba namba 64. Kwa hiyo inatupasa sisi tufundishao lugha katika miji hii tuyakusanye majina na maneno ya namna hii pamoja na habari zake, kutoka kwa wazee wanaoyakumbuka. Herufi zitasubiri katika vitabu; wazee hawatasubiri.